Siri iliyo ndani ya sifuri: mafumbo ya Bwana Msa na msomaji wa Cibitoke

BUJUMBURA. Mfanyabiashara anayetuma mzigo kutoka Dar es Salaam au Kigoma na kuandika kwenye karatasi neno moja tu, "Cibitoke", ameshatunga fumbo bila kujua. Burundi ina Cibitoke mbili. Moja ni mtaa wa kaskazini mwa Bujumbura, jirani na Kamenge, Kinama na Ngagara. Nyingine iko mbali na jiji, kaskazini-magharibi katika bonde la Rusizi, karibu na mipaka ya Kongo na Rwanda. Karatasi ni ileile, herufi ni zilezile, lakini lori linaweza kwenda njia mbili tofauti.

Herufi yenyewe ya kwanza ni fumbo la pili. Mswahili angeandika "Chibitoke", kwa maana ndivyo inavyotamkwa. Mrundi anaandika "C" na sauti inatoka "ch". Humo ndani anasikia pia neno "ibitoke", yaani ndizi. Mgeni anaona jina la mtaa. Mwenyeji anaona shamba la migomba.

Watu wa mitaa kama hii, wanaoamka na Kirundi, wanafanya biashara kwa Kiswahili na kusoma ankara kwa Kifaransa, wamezoea kulitazama neno mara mbili kabla ya kuliamini. Ndiyo maana riwaya za upelelezi za Kiswahili zinawafaa kuliko wanavyodhani. Katika vitabu hivyo neno halikai mahali pake bure.

Jina lililoachwa mlangoni

Fumbo maarufu kuliko yote katika riwaya hizo liko wazi kwenye jalada, na wasomaji wengi hulipita. Mpelelezi anaitwa Bwana Msa. Mwandishi anaitwa Muhammed Said Abdulla. Chukua herufi ya kwanza ya kila jina: M, S, A. Mwandishi ameingia ndani ya kitabu chake kwa miguu yake mwenyewe, amevaa koti la mpelelezi na kushika kiko, na amemwachia msomaji ufunguo mlangoni.

Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Alifanya kazi ya ukaguzi wa afya, kisha akaingia katika uandishi wa habari na kuwa mhariri. Hadithi yake ya kwanza ya Bwana Msa, Mzimu wa Watu wa Kale, ilishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la mwaka 1957 na 1958, ikatoka kama kitabu mwaka 1960. Zikafuata nyingine, zikiwamo Kisima cha Giningi mwaka 1968, Duniani Kuna Watu mwaka 1973, Siri ya Sifuri mwaka 1974 na Mwana wa Yungi Hulewa mwaka 1976. Mwandishi alifariki dunia mwaka 1991.

Kazi ya mkaguzi wa afya ni kuingia nyumba za watu, kutazama pembe ambazo mwenye nyumba hakutaka zitazamwe, na kuuliza maswali madogo. Bwana Msa hufanya hivyohivyo. Hana mbio wala bastola. Ana subira, ana rafiki yake Najum wa kubishana naye, na ana macho ya kuona kitu kilichokaa mahali pasipo pake. Msomaji anapewa dalili zilezile anazopewa Najum. Ukishindwa kuzifungua, huna wa kumlaumu.

"Fu" iliyoficha siri

Mpenzi wa mafumbo akifika kwenye jina Siri ya Sifuri, na asimame hapo kidogo. Gawa neno la mwisho kwa silabi: si-fu-ri. Ondoa silabi ya katikati. Kinachobaki ni "siri". Neno la kwanza la jina la kitabu limelala ndani ya neno la mwisho, limefunikwa na silabi moja tu. Awe mwandishi alilipanga hivyo au lugha yenyewe ilimpa zawadi, lipo pale tangu 1974 kwa yeyote mwenye macho.

Fumbo hilo lina sakafu ya chini zaidi, na hapa mfanyabiashara wa Bujumbura ana faida kuliko msomaji wa Tanga. "Sifuri" imetoka katika neno la Kiarabu "sifr", yaani tupu. Neno hilohilo lilivuka bahari likaingia Ulaya pamoja na tarakimu, na Wafaransa wakalifanya "chiffre". Kila mwenye duka Bujumbura analijua katika "chiffre d'affaires", mauzo ya mwaka. Lakini "chiffre" ina maana nyingine pia: maandishi ya siri. Kuyafungua maandishi hayo Mfaransa anasema "déchiffrer". Kwa hiyo sifuri na maandishi ya siri ni ndugu wa tumbo moja, waliotenganishwa na safari ya karne nyingi. Jina la kitabu, ukilisoma kwa masikio mawili, linasema jambo lilelile mara mbili.

Jambo hilo halina ugeni kwa anayeishi kwa hesabu. Sifuri moja ikiongezwa kwenye ankara, deni la laki linakuwa deni la milioni. Sifuri ikitoweka, faida ya msimu imekwenda nayo. Alama isiyo na thamani yenyewe ndiyo inayobeba thamani ya zote zilizo kushoto kwake.

Mpelelezi asiyejali mpaka

Bwana Msa alikuwa mtu wa visiwani. Waliomfuata walipanda magari na ndege. Elvis Musiba alimtuma mpelelezi wake, Willy Gamba, nje ya Tanzania tangu riwaya ya Kufa na Kupona ya mwaka 1974, na katika Kikosi cha Kisasi akamfikisha Kinshasa. Wakati huo Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1967, ilikuwa inaelekea kuvunjika. Ilivunjika mwaka 1977. Serikali zilipofunga milango, msomaji aliendelea kuvuka mpaka kwa kurasa.

Kisha akaja Ben R. Mtobwa na mpelelezi wake Joram Kiango. Huyu yuko karibu zaidi na msomaji wa Burundi. Mtobwa alizaliwa mkoani Kigoma mwaka 1958, katika nchi ya Waha, ambao lugha yao na Kirundi zinasikilizana kama majirani wa ua mmoja. Alifariki mwaka 2008 akiwa ameacha riwaya kama Salamu Toka Kuzimu na Dar es Salaam Usiku. Anayepita Manyovu kuingia Mugina na mzigo wake anapita katika nchi iliyomlea mwandishi huyo.

Majina ya vitabu hivyo yanamwalika msomaji aulize kabla hajafungua. Kuzimu hakuna posta, salamu zimefikaje? Mwandishi wa upelelezi huanza kumpa msomaji kazi akiwa bado amesimama mezani kwa muuzaji.

Wenzetu wanavyofukua herufi

Katika nchi nyingine mchezo huu umekuwa kazi ya vikundi vizima vya wapenzi wa vitabu. Mwandishi Mmarekani Daniel Handler, kwa jina la kubuni la Lemony Snicket, alitoa vitabu 13 vya mfululizo kati ya 1999 na 2006 kuhusu watoto watatu mayatima wanaoandamwa na tapeli aitwaye Count Olaf. Tapeli huyo hubadili sura katika vitabu vingi, na wasomaji wakajifunza kwamba majina nayo hubadili sura. Mtunzi wa mchezo wa kuigiza anayetajwa kama Al Funcoot, ukizipanga upya herufi zake tisa, anageuka Count Olaf. Katika kitabu cha nane, msichana Violet Baudelaire amefichwa hospitalini, na katika orodha ya wagonjwa ameandikwa Laura V. Bleediotie. Herufi ni zilezile 16, zimevurugwa tu.

Wasomaji wa Kifaransa, ambao Bujumbura inao wengi, wanaujua mfano mwingine. Katika hadithi za Harry Potter, adui mkuu alificha jina lake jipya ndani ya jina lake la kuzaliwa. Kwa Kiingereza, Tom Marvolo Riddle hupangwa upya yakawa maneno ya kujitambulisha. Mfasiri wa Kifaransa hakuweza kuliacha jina hilo lilivyo, maana fumbo lingekufa. Akambatiza mtu huyo Tom Elvis Jedusor. Herufi hizo 15 zikipangwa upya zinasema: "Je suis Voldemort". Mfasiri alibadili jina la mtu ili aokoe siri yake.

Yeyote aliyetafsiri ankara mpakani ataelewa uamuzi huo. Kuna wakati kubeba neno lilivyo ni kupoteza maana, na kuna wakati kubadili herufi moja ni kosa la jinai. Ujuzi ni kujua upo kwenye wakati gani.

Kinyume, cha kwetu

Asidhani mtu kwamba kupindua maneno kumeletwa na meli. Waswahili walikuwa nacho Kinyume, mchezo wa kusema kwa kuihamisha silabi ya mwisho ya neno na kuiweka mbele. Askofu Edward Steere alipokuwa Zanzibar alikikuta kikisemwa, akakieleza katika kitabu chake cha kufundisha Kiswahili cha mwaka 1870. Kanuni ni nyepesi. "Kitabu" kinakuwa "bukita". "Mzigo" unakuwa "gomzi". "Bei ya mzigo" inakuwa "ibe ya gomzi". Anayesema polepole hueleweka na kila mtu. Anayesema kwa kasi hueleweka na waliofundishwa tu.

Vijana wa Ufaransa wana mchezo wa aina hiyo wanaouita "verlan", jina ambalo lenyewe ni "l'envers", yaani kinyume, lililopinduliwa. Mwanamuziki wa Ubelgiji, Stromae, ambaye baba yake alikuwa Mnyarwanda, alipata jina lake hivyo: ni "maestro" iliyogeuzwa, mkia ukawa kichwa. Vijana wengi wanaoimba nyimbo zake wanalitaja fumbo kila siku bila kulifumbua.

Sokoni nako kuna lugha ya ndani. Madalali, ambao Bujumbura na Uvira wengi huwaita makomisyoneri, wana namna yao ya kutajiana bei mbele ya mnunuzi bila mnunuzi kuambulia kitu. Mgeni anaona watu wawili wanataniana. Kumbe wameshakubaliana atozwe kiasi gani. Methali inasema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua. Lakini sokoni mwerevu ni yule aliyekaa miaka mingi kijiweni, na mgeni mwenye shahada anaweza kuwa ndiye mjinga wa siku.

Na kuna bidhaa ambayo fumbo ndilo linaloiuza. Kanga bila jina, yale maneno yaliyoandikwa chini, ni kitambaa tu. Duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, linalofahamika kwa alama ya "Mali ya Abdulla", limekuwa kwenye biashara hiyo tangu mwaka 1887. Mwanamke hununua kanga ili imsemee kwa jirani, kwa mume au kwa wifi maneno asiyotaka kuyatamka. Mfanyabiashara anayefunga robota la kanga bila kusoma majina yake anaweza kurudi na robota zima la matusi kwa mama wakwe, halafu akashangaa kwa nini haziuziki msimu wa harusi.

Kwa nini watu huficha

Mafumbo mengine ni mchezo. Mengine ni ya kujiokoa. Mshairi wa Mombasa Abdilatif Abdalla alifungwa nchini Kenya kwa miaka mitatu, hadi 1972, kwa sababu ya waraka wake uliouliza nchi inakwenda wapi. Gerezani aliandika mashairi kwenye karatasi za chooni na kuyatoa nje kwa siri. Yalichapwa mwaka 1973 kwa jina Sauti ya Dhiki, na mwaka 1974 yakapata tuzo ya fasihi iliyobeba jina la Jomo Kenyatta, rais ambaye serikali yake ilikuwa imemfunga. Moja ya mashairi hayo linamzungumzia mamba. Aliyetaka kuona mnyama wa mtoni aliona mnyama. Aliyejua kusoma aliona serikali.

Mitaa ya kaskazini mwa Bujumbura inafahamu vizuri uzito wa neno. Katika vita vya miaka ya 1990, Cibitoke, Kamenge, Kinama na Ngagara zilitenganishwa na hofu. Familia zilihama kutoka mtaa mmoja kwenda mwingine kulingana na kabila. Mwaka 2015 Cibitoke ilikuwa miongoni mwa mitaa ya maandamano. Katika nyakati kama hizo uvumi hutembea haraka kuliko gari, na watu husoma ishara hata pasipo na ishara. Kituo cha vijana cha Kamenge kinachohudumia mitaa hii, kilichotunukiwa tuzo ya Right Livelihood mwaka 2002, kilifanya kazi ya kuwakutanisha tena vijana wa pande zote, wasome na kucheza pamoja. Wakitazamana ana kwa ana, walikuwa na haja ndogo ya kuagua nia za wenzao kutoka mbali.

Hapa ndipo hadithi za Bwana Msa zinapokuwa zaidi ya burudani. Katika Mzimu wa Watu wa Kale maiti inakutwa mahali pa mizimu, na kila mtu yuko tayari kuamini kwamba wafu wa kale wamefanya kazi yao. Katika Kisima cha Giningi jina lenyewe linatoka katika imani ya Wazanzibari kuhusu mji wa wachawi. Watu wa hadithi wanaona ujumbe wa kuzimu. Bwana Msa anauliza nani alikuwa wapi, saa ngapi, na nani anafaidika. Mwishoni kilichoitwa mzimu huonekana kuwa kazi ya mtu mwenye mikono miwili na tamaa.

Mpenzi wa mafumbo anahitaji somo hilo kuliko mtu mwingine yeyote. Akili iliyozoea kutafuta siri huiona hata isipokuwepo. Ukiyapindua majina yote ya abiria wa basi moja, utapata lililogeuka tusi au utabiri, na halitakuwa na maana yoyote. Kanuni ya msomaji mzuri ni ile ya Bwana Msa: dalili moja ni bahati, ya pili ni swali, ya tatu ndiyo inaanza kuwa ushahidi. Count Olaf alifichuka kwa sababu jina liligeuka hadi herufi ya mwisho, bila kubaki wala kupungua hata moja, na vitendo vya mwenye jina vikalithibitisha.

Kanuni hiyo hufanya kazi pia kwenye simu ya mfanyabiashara. Ujumbe unaosema umeshinda zawadi, namba ya wakala iliyobadilishwa tarakimu moja, jina la kampuni lililozidishwa herufi, risiti ya benki yenye sifuri iliyokaa vibaya: yote haya ni maandishi ya siri, ila yameandikwa na mtu anayeomba Mungu usiyasome vizuri.

Kitabu ndani ya mzigo

Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa mwaka 1999 ulisema Kiswahili kiendelezwe kiwe lugha ya mawasiliano ya watu wake. Burundi ilijiunga mwaka 2007, na Kiswahili kikaingizwa katika shule za msingi. Kongo ilijiunga mwaka 2022. Kuna kizazi Cibitoke kilichofundishwa kusoma lugha hii darasani. Lakini meza nyingi zinazouza mashati ya mitumba, sabuni na chaja za simu hazina riwaya hata moja ya lugha hiyo.

Kinachowafikia wengi ni nakala zilizochapwa upya na watu wasio na haki, au kurasa zilizopigwa picha na kurushwa simu kwa simu. Mbali na kumnyima mwandishi na mchapishaji chao, nakala hizo zina kasoro inayomuumiza mpenzi wa mafumbo moja kwa moja: herufi hudondoka. Jina likikosewa, neno likirukwa, ukurasa ukikosekana, dalili imekwenda. Fumbo la herufi halina uvumilivu. Toa "l" moja katika Al Funcoot, na Count Olaf amepona.

Kwa mfanyabiashara mdogo, kubeba vitabu vichache ndani ya mzigo si ndoto. Utaratibu rahisi wa forodha wa Jumuiya unawahusu wenye mizigo isiyozidi dola 2,000 za Marekani, kwa bidhaa zinazozalishwa ndani ya nchi wanachama na zilizomo katika orodha iliyokubaliwa, kwa kutumia cheti rahisi cha uasili kinachotolewa mpakani. Kabla ya kununua, ni vyema kuuliza ofisi ya forodha ya Kobero, Mugina au Gatumba kama vitabu unavyotaka vimo. Nunua kwa mchapishaji au duka linalotoa risiti, kwa kuwa bila risiti huwezi kuonyesha thamani wala asili. Na jaza cheti kwa utulivu, tarakimu kwa tarakimu.

Biashara hiyo haitamtajirisha mtu kwa msimu mmoja. Ila kila riwaya ya Bwana Msa inayofika Cibitoke nzima, herufi zake zote zikiwa mahali pake, inamfikia kijana anayejifunza kuuliza "nani anafaidika?" kabla hajaamini uvumi. Na siku atakapokuwa anatuma mzigo wake mwenyewe, huenda atakumbuka kuandika kwenye karatasi maneno mengine mawili baada ya Cibitoke: jijini Bujumbura.